Louvain, Mji wa Universite, na Maktaba Iliyoungua Mara Mbili

Jina la Louvain si geni masikioni mwetu. Mapadri wengi wa nchi yetu walisoma huko, na vitabu vingi vya teolojia tunavyovikuta katika seminari vilipigwa chapa huko. Universite ya kwanza ya Kongo, iliyofunguliwa mwaka 1954 huko Kimwenza, karibu na mji unaoitwa leo Kinshasa, ilipewa jina la Lovanium, ndiyo kusema Louvain kwa kilatini. Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa hapa Bukavu tarehe 29 mwezi wa kumi 1996, alisoma huko elimu ya jamii na uchumi.

Lakini kulijua jina la mji si kuujua mji. Ukimwuliza mseminari Louvain ni nini, atajibu mara moja: ni pahali pa kupata diploma. Sisi tuliopata nafasi ya kwenda huko tunataka kuwatembeza leo katika njia zake, polepole, kama mwenyeji anavyomtembeza mgeni. Mwishoni tutasimama mbele ya nyumba moja, maktaba ya universite. Nyumba hiyo iliungua mara mbili, ikajengwa mara mbili. Tutaona kwamba habari zake zinatuhusu sisi watu wa Kivu.

I. Kuingia mjini

Louvain uko mashariki ya Bruxelles, mwendo wa nusu saa kwa treni. Wenyeji wake ni Waflamandi, nao husema Leuven. Mtu wa Bukavu akifika huko huona kwanza kwamba hakuna milima wala ziwa. Kuna mto, jina lake Dyle, lakini aliyezoea Ruzizi angeuita kijito tu.

Kutoka stesheni njia moja pana na nyofu inakwenda mpaka katikati ya mji. Mgeni huangalia maduka. Sisi tulishauriwa na padri mmoja mzee tuinue macho tuangalie kuta. Kumbe, juu ya nyumba nyingi kuna jiwe dogo lililochongwa upanga na mwenge wa moto, na chini yake mwaka: 1914. Tulikuta jiwe hilo nyumba baada ya nyumba. Lishike akilini, ndugu msomaji, tutalirudia.

Mwisho wa njia kuna uwanja mkubwa. Upande mmoja ni nyumba ya serikali ya mji, iliyojengwa katika karne ya 15, imejaa sanamu kila pembe: sanamu 236 za watakatifu, wafalme na wataalamu. Upande wa pili ni kanisa la Mtakatifu Petro. Humo ndani kuna picha ambayo kila padri angefaa kupiga magoti mbele yake. Ni Karamu ya Mwisho, iliyochorwa na Dirk Bouts kati ya 1464 na 1468 kwa ajili ya chama cha Sakramenti Takatifu. Wachoraji wengi huonyesha Yezu akisema kwamba mmoja wao atamsaliti. Bouts alionyesha Yezu akiubariki mkate. Na hakuichora kwa mawazo yake tu: mapatano aliyoandikiana na chama yalimtaka asikilize mashauri ya walimu wawili wa teolojia wa universite. Hivi ndivyo ilivyokuwa katika mji ule: mwalimu wa teolojia hakukaa na vitabu vyake peke yake, alimsaidia fundi kusema ukweli wa imani kwa rangi.

II. Universite na watu wake

Universite ilianzishwa na Baba Mtakatifu Martino V kwa barua yake ya tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1425, kwa maombi ya Jean IV, mtawala wa Brabant. Teolojia haikuruhusiwa mara moja. Iliongezwa mwaka 1432. Wafaransa waliifunga universite mwaka 1797, wakati wa mapinduzi yao. Maaskofu wa Ubelgiji waliifufua mwaka 1834, kwanza Malines, kisha Louvain mwaka 1835.

Ukitembea katika mji utaona vyuo vya zamani karibu kila njia. Kimoja kinatukumbusha Adriano wa Utrecht, mwalimu wa Louvain aliyechaguliwa kuwa Papa Adriano VI mwaka 1522. Mwaka 1517 kilianzishwa chuo cha lugha tatu, kilatini, kigiriki na kiebrania, kwa msaada wa Erasmus, ili wasomaji wa Maandiko Matakatifu wayasome kwa lugha yalimoandikwa. Waseminari wanaonung'unika juu ya kigiriki wakumbuke kwamba taabu yao ina zaidi ya miaka 500.

Katika wakati wa karibu zaidi tunamkumbuka Padri Georges Lemaître, mwalimu wa hesabu na fizikia. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unapanuka, na baadaye akafundisha kwamba ulianza kutoka hali moja ndogo sana, kama chembe. Aliishi na kufundisha Louvain, akafa huko mwaka 1966. Wako watu wanaodhani kwamba elimu na imani ni kama paka na panya. Wamwangalie padri huyu, aliyesoma Misa kila siku na kupima nyota.

Usiondoke katika mji bila kufika pahali pawili penye kimya. Pa kwanza ni Begijnhof Kubwa, kijiji kidogo ndani ya mji, chenye nyumba za matofali mekundu na njia za mawe. Kilianza katika karne ya 13, nao waliokaa humo ni wanawake walioishi kwa sala na kazi bila kuweka nadhiri za milele. Universite ilikinunua mwaka 1962 na kukitengeneza, na sasa wanafunzi na walimu wanakaa humo.

Pahali pa pili ni kanisa la Mtakatifu Antoni. Chini ya kanisa hilo amelazwa Mtakatifu Damiani, aliyekwenda kukaa na wenye ukoma huko Molokai, akapata ukoma yeye mwenyewe, akafa mwaka 1889. Mwili wake ulirudishwa Ubelgiji mwaka 1936, na Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Tulikuta mama mmoja ameketi mbele ya kaburi, na mfuko wake wa soko miguuni. Hakuna aliyemsumbua, nasi tukapita kimya.

III. Vitabu vilivyokuwa katika nyumba ya zamani

Sasa tufike kwenye maktaba. Jambo la kwanza litawashangaza wengi: kwa miaka zaidi ya 200 universite ile yenye sifa haikuwa na maktaba yake. Kila chuo kilikuwa na vitabu vyake, na kila mwalimu alivifungia vyake nyumbani. Mwanzo wa maktaba ulikuwa urithi wa padri: Laurentius Beyerlinck, kanoni wa Antwerpen, aliiachia universite vitabu vyake alipokufa mwaka 1627. Mwaka 1636 maktaba ilifunguliwa katika jumba la zamani la wafanya biashara ya nguo, lililojengwa tangu 1317. Vitabu vikaongezeka kwa zawadi, kwa urithi na kwa kununua. Walipofika mwaka 1914 vilikuwa karibu 300.000, pamoja na maandiko ya mkono mamia na mamia, ambayo hayakuwa na ya pili yake popote duniani.

Mwezi wa nane wa mwaka ule vita vikaja. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, waliingia Ubelgiji tarehe 4 na Louvain tarehe 19. Ni vita vile vile vilivyowachukua babu zetu kuwa askari na wapagazi mpaka Tabora mwaka 1916. Jioni ya tarehe 25 milio ya bunduki ilisikika mjini. Askari wakasema kwamba raia wanawapiga risasi kutoka madirishani. Wanahistoria wengi wanaona kwamba askari, katika giza na hofu, walipigana wao kwa wao. Lakini hasira haikungoja uchunguzi. Wakavunja milango, wakatoa watu nje, wakawasha moto. Watu 248 wa mji waliuawa. Karibu 1.500 walipelekwa Ujerumani kama wafungwa. Nyumba zaidi ya elfu moja ziliungua. Ndiyo maana ya yale mawe yenye upanga na mwenge: kila jiwe ni nyumba iliyochomwa na kujengwa tena.

Usiku ule ule maktaba ilichomwa. Vitabu vilivyokusanywa kwa karibu miaka 280 viligeuka majivu, na upepo ukachukua karatasi zilizoungua mpaka mashambani.

Kesho yake fratri mmoja Myezuiti, bado kijana, alikamatwa pamoja na wenzake na kupelekwa Tervuren, mji tunaoujua sisi kwa sababu ya jumba lake la vitu vya Kongo. Askari walikuta katika mfuko wake daftari. Alikuwa ameandika humo kwamba kuchomwa kwa Louvain kunafanana na kuchomwa kwa maktaba ya Alexandria zamani. Kwa maneno hayo machache walimpiga risasi. Aliuawa kwa sababu ya kuandika alichokiona.

IV. Nyumba mpya na maneno yasiyoandikwa

Habari za moto ule zilienea ulimwenguni. Watu wasiopata kuiona Louvain walihuzunika kama waliofiwa. Katika mji wa Manchester, Uingereza, watunza vitabu walianza kukusanya vitabu vita vikiwa bado vinaendelea, na kwa miaka kumi walipata zaidi ya 55.000. Mapatano ya amani ya Versailles, katika kifungu cha 247, yaliiamuru Ujerumani itoe vitabu na maandiko sawa na yaliyoungua. Kifungu hicho hicho kiliamuru zirudishwe mbao za picha ya Bouts zilizokuwa zimeuzwa zamani na kufika Ujerumani.

Nyumba mpya ilijengwa kwa fedha za Wamarekani. Wanafunzi wa universite na watoto wa shule walitoa, kila mmoja kadiri ya uwezo wake, na majina ya shule zao yamechongwa ukutani mpaka leo. Fundi mkuu alikuwa Mmarekani, Whitney Warren. Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 1921. Nyumba ilifunguliwa tarehe 4 mwezi wa saba 1928. Mnara wake una urefu wa meta 87, na kengele zilizowekwa humo zilikuwa 48, hesabu ya majimbo ya Marekani wakati ule. Leo ni 63, na zikipigwa jioni hata wanafunzi wenye haraka hupunguza mwendo.

Hapa kuna jambo tunalotaka lizingatiwe sana. Warren alitaka yaandikwe mbele ya nyumba, kwa herufi kubwa za mawe na kwa kilatini, maneno ya kusema kwamba nyumba iliharibiwa kwa ghadhabu ya Wadachi na kurudishwa kwa zawadi ya Wamarekani. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Lakini mkuu wa universite, Monsinyori Paulin Ladeuze, alikataa. Vita vilikuwa vimekwisha. Katika nyumba ile wangeingia tena vijana Wadachi kusoma. Je, wasome kila asubuhi mlangoni laana ya baba zao?

Wengi walikasirika. Walimwita mkuu yule mwoga, wengine wakamwona msaliti wa wafu. Mawe yasiyo na maandishi yalipowekwa, fundi mmoja alipanda akayavunja. Kesi ikafika mahakamani. Hatimaye mawe yale yenye maneno yalipelekwa Dinant, mji mwingine uliopoteza watu wengi mwaka 1914, yakasimamishwa huko mwaka 1936. Wadachi waliporudi mwaka 1940 waliyavunja. Uwanja ulio mbele ya maktaba leo unaitwa kwa jina la Ladeuze.

Sisi tuliosimama katika uwanja ule hatukukubaliana wote. Mmoja wetu alisema: "Asiyetaja ubaya anaufunika." Mwingine akajibu: "Mbona mawe ya njiani yanautaja, kila nyumba, 1914? Hayasahau. Ila hayamtukani mtu." Tulifikiri maneno hayo ni ya haki. Kukumbuka ni wajibu. Kumfundisha mtoto kumchukia mtoto wa adui ni jambo lingine. Katika Kivu, ambamo kila familia ina wafu wake, tunahitaji kujua tofauti hiyo vizuri kuliko Wabelgiji.

V. Moto wa pili na ugomvi wa lugha

Katika usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa tano 1940, katika mapigano, maktaba iliungua tena. Safari hii vitabu karibu 900.000 vilipotea, pamoja na vingi vya zile zawadi za mataifa. Baada ya vita waliijenga mara ya pili, kwa ramani ile ile ya Warren.

Kisha likaja pigo lisilo la moto. Waflamandi na wasemaji wa kifaransa waligombana juu ya lugha ya universite, na mwaka 1968 iliamuliwa kuigawa. Wasemaji wa kifaransa walijenga mji mpya, Louvain-la-Neuve, ambao jiwe lake la kwanza liliwekwa mwaka 1971. Na vitabu je? Vingi viligawanywa kwa namba tu: zile zinazogawanyika kwa mbili upande mmoja, zisizogawanyika upande wa pili. Vitabu vilivyokuwa jirani katika rafu moja vikatenganishwa. Tusiwacheke. Kwetu pia tumeona kazi njema zikigawanywa kwa kabila, hata mahali ambapo Misa ni moja.

VI. Nasi je?

Msomaji atasema: hayo ni mambo ya Ulaya, wenye fedha za kujenga minara. Tumjibu kwa habari ya hapa kwetu.

Baada ya vita vya 1996, katika parokia moja ambayo hatutaji jina lake, alikuja mama mmoja kwa paroko. Akasema: "Padri, natafuta cheti cha ubatizo cha kijana wangu, anataka kufunga ndoa." Paroko akamwonyesha kabati, tupu. Mama akatikisa kichwa: "Basi ni kweli, Padri. Nilinunua karanga sokoni, karatasi yake ilikuwa na majina ya wabatizwa."

Maktaba yetu ilikuwa ile. Haikuwa na vitabu 300.000, ilikuwa na vinne au vitano, lakini ndani yake mlikuwa na jina la kila Mkristu wa milima ile. Kwa maskini asiye na hati ya shamba wala ya serikali, mstari ule katika kitabu cha ubatizo ulikuwa ndio maandiko pekee yaliyoshuhudia kwamba alizaliwa, na nani walikuwa wazazi wake.

Kijana yule alifunga ndoa, kwa sababu sheria ya Eklezya (kanuni 876) yaruhusu ubatizo uthibitishwe na shahidi mmoja asiye na shaka. Lakini shahidi alipatikanaje? Mkatekista mzee wa mlimani alikuwa na daftari lake la shule, alimoandika kwa miaka mingi majina ya wote aliowafundisha, na siku waliyobatizwa. Wakati wa kukimbia alilifunga ndani ya plastiki akalificha juu ya dari, chini ya nyasi. Kutoka daftari hilo parokia ilianza kuandika upya.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, nayo hayadai fedha nyingi.

Kwanza, nakala. Sheria ya zamani ya mwaka 1917 (kanuni 470) ilimwamuru paroko kupeleka kila mwaka kwa Askofu nakala ya vitabu vya parokia. Sheria ya mwaka 1983 haikuirudia amri hiyo kwa Eklezya yote, lakini hekima yake haikufa. Yaliyo katika nyumba moja huungua kwa moto mmoja. Leo hata simu ya mfukoni yaweza kupiga picha ya kila ukurasa. Picha hizo ziwekwe kwa Askofu, zisibaki katika simu ya padri anayehamishwa.

Pili, orodha. Kanuni 491 yataka maandishi ya parokia yaandikiwe orodha mbili, moja ikae parokiani, nyingine jimboni. Asiyejua alichokuwa nacho hawezi kujua alichoibiwa.

Tatu, ulinzi wa kila siku. Askari huja mara moja katika miaka kadhaa. Mchwa, panya na unyevu wa mvua zetu huja kila siku. Kabati lisiguse ukuta wala sakafu. Vitabu vifunguliwe na kupanguswa. Na waseminari wanaoazima vitabu na kwenda navyo likizoni, nao wahesabiwe pamoja na mchwa.

Nne, kuandika. Padri Vincent Mulago, mzaliwa wa Birava, alitoa mwaka 1965 kitabu juu ya sura ya kiafrika ya ukristu, akitumia mawazo ya Washi na majirani zao. Alikusanya maneno ya wazee wakati walipokuwa hai. Wazee wa leo nao watakwenda. Mkatekista ajuaye ni nani aliyejenga kapela ya kwanza mlimani kwake, aandike. Asingoje diploma.

Mwezi wa pili wa mwaka 2025 mji wetu uliingiwa tena na watu wenye bunduki, na tulisikia tena milio ya usiku. Kila paroko aliyekimbia au kubaki ajiulize: vitabu vyangu vilikuwa wapi siku ile? Askofu Mkuu Munzihirwa, aliyesoma Louvain, hakuuacha mji huu mwaka 1996. Sisi hatuombwi wote kufa. Tunaombwa kufungua kabati leo, kabla ya giza, na kuanza kunakili.